Ukurasa wa Watoto

"Mtungi umepasuka."

Simu ilisema hivyo tu, ikakatika.

Johnson alivaa koti la ngozi, akachomeka bastola ya Browning kiunoni, akageuza kibao cha mlango wa studio yake ya picha. Studio imefungwa. Nje, mtaa wa Nyamirambo ulikuwa ndiyo kwanza unaamka. Fundi cherehani wa jirani alimpungia mkono, naye akampungia. Kwa miaka mitatu kasoro walikuwa wakipungiana hivyo kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kukanyaga nyumbani kwa mwenzake.

Yamaha iliwaka kwa teke moja.

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi moja ya Julai 1993. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeshatanda. Dakika sita baadaye Johnson alifika mtaa wa Kiyovu, akaiona Peugeot 504 ya kijivu ikitoka kwenye lango la nyumba aliyokuwa akiichunguza kwa siku tisa. Nyuma walikaa wanaume wawili, mfuko katikati yao.

Aliinua redio yake ya Motorola.

"Shangazi, Shangazi. Mzigo unatembea."

"Usiuache," ilijibu sauti ya mwanamke.

"Siuachi."

Peugeot iliteremka kwa kasi, ikakata kona kwa matairi mawili. Johnson alilala juu ya tangi la pikipiki. Mita hamsini. Mita thelathini. Kioo cha nyuma kilishushwa, mkono ukatokeza.

Paa! Paa!

Risasi ya kwanza ilipasua taa ya Yamaha. Ya pili ilikwenda ilikokwenda. Johnson alihama upande, akavuta mafuta zaidi, na hapo ndipo alipoliona gogo.

Lilikuwa limelazwa katikati ya barabara, na vijana ishirini wenye kofia za buluu wamelisimamia. Walilinyanyua upesi, Peugeot ikapita, wakalirudisha. Johnson alikanyaga breki hadi mpira ukanuka.

"Kitambulisho!"

Aliwapa. Kijana mmoja alikifungua, akatazama mstari mmoja tu, mstari wa kabila, akakirudisha. Halafu wakamsimamisha dakika kumi nzima bila sababu, kwa raha zao tu.

Kitambulisho cha siku zile kilikuwa na kurasa kadhaa. Jina, mahali pa kuzaliwa, kazi, mke, watoto. Lakini nchi nzima ilikuwa imejifunza kusoma mstari ule mmoja, na mengine yote ilikuwa kama karatasi ya kufungia karanga.

Peugeot ilikuwa imekwisha kutoweka.

Johnson hakuwa mtu wa kulia juu ya maji yaliyomwagika. Gari likikukimbia, rudi lilikotoka. Aligeuza pikipiki, akapanda tena Kiyovu.

Na hapa, msomaji, tuelezane kidogo kabla risasi hazijaanza tena.

Chama cha Mtungi kilikuwa na wajumbe mia nne, na kilikuwa kimepasuka katikati. Upande mmoja ulitaka mkataba wa amani utiwe sahihi na vita viishe. Upande wa pili, ulioongozwa na Évode, katibu wa vijana wa kofia za buluu, uliona amani ni usaliti. Mkutano mkuu ulikuwa asubuhi ileile, saa nne, na kura ndiyo ingeamua. Kwa sababu mkutano uliopita ulijaa watu waliosombwa kwa malori, wazee wa amani walipitisha sheria mpya: bila kitambulisho cha taifa hakuna kupiga kura. Walidhani wamefunga mlango.

Évode aliipigia makofi sheria hiyo. Alishangilia kuliko wote, na hapo wangejiuliza.

Wajumbe mia moja na ishirini walikuwa wa komini, yaani tarafa, za kaskazini, ambazo vita vilikuwa vimezifuta. Wenyewe walikuwa wametawanyika makambini, na hakuna aliyewatarajia. Majina yao yalikuwa yanaelea tu, yanangoja watu wa kuyavaa. Évode alipata vitambulisho vitupu kutoka ng'ambo ya mpaka, akapata na mzungu wa kuvijaza.

Johnson aliruka ukuta wa nyuma. Mlango wa jikoni haukuwa umefungwa.

Mzungu huyo, ambaye mtaa ulimwita Bwana Pol, alikuwa akifunga sanduku. Mezani palikuwa na taipureta aina ya Olympia, mihuri, chupa za wino na mkasi wa picha. Alipomwona mgeni hakupiga kelele. Alivuta droo.

Johnson aliipiga teke. Droo ilijifunga ikiwa na vidole ndani.

"Bastola yako ya Walther iache ilale," alisema.

Bwana Pol aliguna kwa maumivu, lakini macho yake yalicheka. "Umechelewa, rafiki. Iko kwa gari yote, mia moja na ishirini. Karatasi ni ya serikali, muhuri ni ya serikali. Hata weye hautajua ya kweli na ya uongo."

"Umezijaza mwenyewe?"

"Kila mustari. Mimi hapana mutu wa kazi mbaya."

Johnson alimfunga kwa waya wa taipureta na kuanza kupekua. Ukutani palibandikwa karatasi yenye majina saba, kichwa chake kimeandikwa kwa mkono wa Évode: *Wa kutembelewa leo baada ya kura.* Alijua kutembelewa maana yake nini.

Jina la kwanza lilikuwa Mutsinzi, Kabuga.

Alisimama hapo muda mrefu kuliko inavyompasa jasusi.

Mutsinzi alikuwa baba yake.

Johnson hakuzaliwa Johnson. Alizaliwa Ishimwe Eustache, mtoto wa pili wa dereva mstaafu wa Kabuga. Mwishoni mwa 1990 ofisi yake, ofisi ya watu saba isiyo na kibao mlangoni, ilimuua kwa karatasi. Gari lake lilitumbukia mto Nyabarongo, mwili haukupatikana, familia ikazika jeneza lenye nguo zake. Mwaka uliofuata mama yake alikufa. Johnson alitazama mazishi yale kutoka upande wa pili wa barabara, ndani ya basi la watu wengine, kama abiria. Ndugu wa marehemu ni mtu salama, waliambiwa, na kweli hakuna aliyewagusa. Ila yeye alikuwa akila peke yake, akiumwa peke yake, na sikukuu zikifika alifunga studio na kuzima redio.

Kura ikipotea leo, mzee asingeiona jioni.

Aliokota kikapu cha taka. Ndani mlikuwa na kitambulisho kimoja kilichoharibika, wino umemwagikia picha. Alikifungua. Mwenye kitambulisho: Nkezabera, mkulima. Mhuri safi. Sahihi safi. Bwana Pol hakuwa amejisifu bure.

Akafungua ukurasa wa mwisho.

Watoto: Nkezabera Pierre. Nkezabera Marie. Nkezabera Paul.

Johnson alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Krismasi, na kilitoka kikikwaruza koo.

"Nini?" aliuliza Bwana Pol. "Iko nini?"

"Umekaa Afrika miaka mingapi?"

"Makumi mbili."

"Na hukuwahi kumuuliza jirani mtoto wake anaitwa nani."

Kwa mzungu, mtoto hubeba jina la baba kama anavyobeba pua yake. Kwa Wanyarwanda, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe siku anapopewa jina: baba Mutsinzi, binti Kanyange, mwana Ishimwe, na hakuna anayeshangaa. Wapo wasomi wachache mjini walioiga mambo ya Ulaya. Lakini wakulima mia moja na ishirini wa kaskazini, wote?

Alichukua simu ya mezani, akapiga namba ya ofisi. Xavérine, mkuu wake, yule aliyeitwa Shangazi redioni, alipokea kabla ya mlio wa pili.

"Ukurasa wa watoto," alisema Johnson. "Baba na watoto jina moja. Zote."

Xavérine alivuta pumzi. "Na Évode alikesha nazo hapo usiku mzima?"

"Alitazama mstari wa kabila. Kama kila mtu."

"Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu angeambiwa. Sikiliza. Mkutano uko shuleni; kwenye meza ya mlangoni yupo Aidah, huyo ni wetu. Utakaa naye kama mpiga picha wa kamati. Nitamleta Luteni Kamanzi na askari kumi na wawili wakae kimya darasa la pili. Kila mjumbe ataje watoto wake, wewe uandike kwenye fomu. Wote, Johnson. Ukimruka hata mmoja, Évode atasema tumebagua, na kura itafutwa."

"Wote," alisema.

"Watu wa Kabuga watapita hapo hapo."

"Najua."

"Mzee yumo kwenye orodha ya wajumbe."

"Yumo na kwenye orodha nyingine. Ninayo mkononi."

"Akikutambua mbele ya watu wa Évode, mmekwisha wote wawili, na dada zako pia. Usiseme Kinyarwanda. Sauti ya mtu haibadiliki katika lugha ya mama yake. Sema Kiswahili chako cha Bukoba."

"Nitasema."

"Kaka, pole," alisema Xavérine, akakata simu. Hakuwahi kumwita kaka kabla ya hapo.

*

Saa tatu unusu, ukumbi wa shule, Nyamirambo.

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Johnson alivaa kofia ya kapelo na miwani myeusi, ndevu zake hazijanyolewa, kamera ya Nikon shingoni. Chini ya meza, Browning ilikuwa mapajani. Aidah alikuwa mama wa makamo wa mtaa huohuo, kitambaa cha kijani kichwani na ulimi usio na breki.

"Johnson, hii kazi iko ya hatari?" alinong'ona.

"Kidogo."

"Basi ungeniambia nivae viatu ya kukimbilia."

Mjumbe wa kwanza wa kaskazini alifika. Kijana mnene, kofia ya buluu. Kitambulisho kilisema ana miaka hamsini na mbili.

"Taja watoto wako, mzee," alisema Johnson.

"Watoto? Ya nini?"

"Sheria ya kamati. Kila mtu anataja."

Kijana alikuna kichwa. "Iko... iko Jean."

Kitambulisho kilisema Antoine, Agnès na Joseph, wote wakiwa na jina la baba. Johnson aliandika kwenye fomu bila kuinua uso.

"Vizuri. Picha yako imefifia. Ingia darasa la pili upigwe nyingine, utarudi upige kura."

Kijana akaenda. Hakuna mtu anayekataa kupigwa picha bure. Mlango wa darasa la pili ulifunguka, ukafungwa, na nyuma yake Luteni Kamanzi alimkaribisha kwa bunduki na kidole mdomoni.

Wa pili. Wa tatu. Wa kumi.

"Yesu na Maria," alisema Aidah, ambaye alikuwa Mwislamu safi. "Sasa hawa watu yote wamezaa watoto ya jina moja? Baba yao ni kiwanda?"

"Andika, mama."

"Naandika. Lakini nacheka ndani."

Wajumbe wa kweli walipita katikati yao. Walitaja watoto wao kwa fahari, mmoja kumi na mmoja, mwingine akaongeza na wa nje ya ndoa, foleni ikacheka. Johnson aliandika majina yote. Yalikuwa majina mazuri, kila moja limechaguliwa siku yake na kwa sababu yake, na kila alipoandika moja aliwaza nyumba yenye mtu wa kuita jina hilo wakati wa chakula.

Kufikia saa tano na robo, darasa la pili lilikuwa na watu mia moja na kumi na wanane. Wawili walikuwa wameliona dirisha na kulitumia.

Hapo kivuli kikaanguka juu ya meza.

Évode. Suti ya kijivu, skafu ya buluu, mkono wa kulia ndani ya koti. Nyuma yake wanaume wawili wenye shingo nene.

"Watu wangu wa kaskazini wako wapi?"

"Wanapigwa picha," alijibu Johnson.

"Nani ametoa amri?"

"Sheria yako, bwana katibu. Bila kitambulisho hakuna kura. Nasikia uliipigia makofi."

Mkono wa Évode ulisogea ndani ya koti. Chini ya meza, Johnson aliondoa kizuizi cha Browning. Mlio ulikuwa mdogo, lakini Évode alikuwa mtu anayeijua milio hiyo. Mkono ukatulia.

"Ni halali. Karatasi halali, mhuri halali."

Johnson alimsukumia kitambulisho kimoja, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. "Baba yako anaitwa Évode?"

"Mjinga wewe, baba yangu..."

Akasoma. Akasoma tena. Rangi ilimtoka usoni taratibu. Alivuta kitambulisho kingine, akafungua nyuma. Kingine. Alikuwa amekesha navyo nyumbani kwa Pol usiku mzima, mia moja na ishirini, na alikuwa amevikagua kimoja kimoja kwa tochi, mstari uleule mmoja.

"Pol," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetapika.

"Yuko Kiyovu, amefungwa vizuri. Karatasi yako ya majina saba iko kwa luteni. Anakungoja darasa la pili. Unaweza kwenda kwa miguu yako, au mbele ya wajumbe wote."

Siku za mwizi ni arobaini. Za Évode zilitosha tisa. Alikwenda kwa miguu yake. Ila shingo nene mbili hazikumfuata. Zilibaki zimeegemea ukuta mita tatu kutoka mezani, zikitafuta kosa moja tu, mtu mmoja wa kurukwa, ili zipige yowe la hila.

"Johnson," alisema Aidah. "Basi ya Kabuga imefika."

*

Alimwona tangu getini.

Mzee Mutsinzi alikuwa amepungua. Suti ilikuwa ileile ya kahawia ya misa za Pasaka, lakini mabega hayakuijaza tena. Alitembea akigusa mgongo wa mtu aliyemtangulia. Alipofika karibu Johnson alielewa kwa nini: macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Mzee alikuwa anapofuka, na hakuna aliyemwambia mwanawe, kwa sababu mwanawe alikuwa amekufa.

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko risasi zote alizowahi kupigwa, na alikuwa amepigwa mbili.

"Mwaramutse," alisema mzee.

"Za asubuhi, mzee," alijibu Johnson kwa Kiswahili cha Bukoba. "Kitambulisho, tafadhali."

Kilikuwa kimechakaa, kona zimeliwa. Alikifungua ukurasa wa mwisho. Kanyange. Ishimwe. Umutoni. Jina la katikati lilikuwa limepigwa mstari kwa wino wa komini, na msalaba mdogo pembeni.

Shingo nene moja ilisogea hatua.

"Taja watoto wako, mzee."

"Nimezaa watatu," alisema Mutsinzi. "Iko Kanyange, yeye ameolewa Kabuga pale pale. Iko Ishimwe. Iko Umutoni, wa mwisho."

Aidah aliinama juu ya ukurasa. "Mzee wangu, huyu wa pili wamemufuta. Huyo alikufa. Taja wenye kuwa hai tu, inatosha."

"Komini ndiyo ilifuta," alisema mzee. Hakupandisha sauti. "Komini haikumuzaa. Mimi niko naye hapa, siku zote namutaja. Asubuhi nikiamuka, nataja watatu. Wewe kijana wa kuandika, andika Ishimwe."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Johnson. Shingo nene zilikuwa zikitazama mkono wake.

Fomu ilikuwa na safu mbili, jina na hali.

Aliandika: Kanyange. Hai.

Aliandika: Ishimwe. Kalamu ilisimama. Kusema neno moja tu la Kinyarwanda kungetosha. *Data.* Baba. Mzee angelijua katikati ya watu elfu. Lilimjia mpaka kwenye meno. Akawaza Kanyange akifunguliwa mlango kwa mateke, Umutoni akisombwa, mzee huyuhuyu akiburutwa na skafu ya buluu, akalimeza.

Marehemu, aliandika, kwa mwandiko mzuri unaosomeka.

Aliandika: Umutoni. Hai.

"Umemwandika?" aliuliza mzee.

"Nimemwandika."

"Murakoze, asante. Yeye alikuwa na mwandiko nzuri sana, huyo." Mzee alipapasa meza akitafuta kitambulisho chake. Johnson alikiweka kiganjani mwake, na vidole vyao viligusana muda wa kufumba jicho. Vya mzee vilikuwa baridi, asubuhi ya Julai.

"Pita, mzee," alisema Johnson. "Ngazi ni tatu. Ya mwisho imevunjika."

Mutsinzi alipita, akihesabu ngazi kwa mguu. Shingo nene zilitazamana, zikaona hakuna aliyerukwa, zikaondoka.

Aidah alikuwa akimtazama Johnson. Alivuta kona ya kitambaa chake, akamfutia kitu chini ya miwani, akarudi kwenye karatasi zake.

*

Saa saba kasoro mchana kura zilihesabiwa. Mia moja sitini na nne kwa upande wa amani, mia moja na kumi na tatu kwa upande wa Évode. Ukumbi ulilipuka kwa nyimbo.

Motorola ilikwaruza.

"Nimesikia," alisema Xavérine. "Majina yote saba yako salama kwa leo. Nimewapa ulinzi."

"Kwa leo," alisema Johnson.

"Ndiyo maisha yetu. Sura yako imeonekana. Usirudi studio. Kuna gari linakungoja kwenye kona ya msikiti, utapewa jina jingine njiani."

"Jina gani?"

"Sijalichagua bado. Una unalolipenda?"

Alifikiri. "Hapana. Lolote tu."

Alizima redio, akamkabidhi Aidah kamera na fomu zote, akatoka nje kwenye jua kali. Hakukimbia. Alifunga koti, akawasha sigara ya Impala, akashika njia katikati ya watu waliokuwa wakicheza ngoma kwa ushindi asiohusika nao.

Ndani walikuwa wamempa mzee wa Kabuga kipaza sauti. Spika zilizofungwa juu ya paa zilitoa sauti yake mtaani kote, ya kizee kidogo, yenye kikohozi, ikiwaambia watu warudi nyumbani kwa amani na wasimwulize mtu barabarani kabila lake. Johnson alipunguza mwendo. Aliisikiliza mpaka kwenye duka la vitambaa, mpaka kwenye kinyozi, mpaka mahali barabara inapokata kuelekea msikitini.

Hapo nyumba ziliizuia sauti ile, naye akafungua mlango wa gari na kuingia.